Kabla ya "ila": utamaduni unavyoingia katika sayansi ya nafsi

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

Kikapita kimya. Jirani yangu huyu, mama wa makamo, aliendelea kupepeta mchele kwenye ungo, akatoa chuya mbili tatu na kuzitupia kuku. Kisha akasema bila kuinua macho: "Ila mwenzio usingizi siupati. Tangu mwezi wa tatu. Nalala natazama bati mpaka adhana ya alfajiri."

Kila anayezungumza Kiswahili anaujua mpangilio huu. Hata aliyefiwa usiku huohuo, ukimwuliza habari za asubuhi atakujibu "njema", ndipo aongeze, "ila baba ametutoka." Hasemi uongo. Salamu ina kazi yake, na habari yenyewe inakuja baadaye, kwa mtu aliyekaa akasubiri.

Sasa mweke pale mtafiti mwenye kishikwambi na maswali tisa ya kumaliza kwa dakika kumi. "Katika wiki mbili zilizopita, umekosa furaha?" Mama anajibu, "Hapana, namshukuru Mungu." Mtafiti anabonyeza sifuri, anapita swali la pili. "Ila" haikupata nafasi ya kufika. Katika takwimu mama huyu ni mzima kabisa.

Nimeanza na ungo wa mchele kwa sababu mjadala kuhusu saikolojia na utamaduni umetuchanganya sana. Upande mmoja wanasema sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni mambo ya wazungu. Upande mwingine wanasema binadamu ni mmoja, kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa Marekani kitafsiriwe tu, kazi imekwisha. Pande zote mbili zimekosea, na makosa yao yana gharama kwa watu kama jirani yangu.

Tuanze na maneno. Saikolojia, ambayo wengine huiita elimunafsia, ni sayansi inayochunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Siku hizi neno limezagaa: mchezaji akikosa penalti tunaambiwa "ameathirika kisaikolojia", ndoa ikivunjika hivyo hivyo. Utamaduni nao tumeubana mno. Tukiusikia tunawaza ngoma na mavazi ya maonyesho. Katika sayansi hii utamaduni ni mazoea ambayo watu wamefundishana tangu utotoni mpaka hawayaoni tena: nani aanze kusalimia, mtoto amtazame mkubwa usoni au ainamishe macho, huzuni aambiwe nani na kwa maneno gani, kitu gani kiitwe akili.

Ufananishe na lafudhi. Mtu wa Pemba anaisikia lafudhi ya mtu wa Lubumbashi papo hapo, na wa Lubumbashi anaisikia ya Mpemba, lakini kila mmoja anadhani yeye anaongea kawaida. Utamaduni uko hivyo. Wote tunao, na ule wetu ndio tusiousikia.

Saikolojia kwa miaka mingi ilisikiliza lafudhi moja ikadhani ndiyo lugha yote. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa sita ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, yale ya mwaka 2003 hadi 2007. Asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zina takriban asilimia 12 ya watu wa dunia. Asilimia 68 walitoka Marekani peke yake. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha kwamba kwa mambo mengi kundi hilo halifanani na walimwengu wengine. Yaani waliochaguliwa kuwawakilisha binadamu wote walikuwa kundi la pekee.

Ubaya wake unaonekana vizuri kwenye gari la waya.

Aliyekulia huku kwetu analijua. Unaokota waya, unaukunja kwa mkono na jiwe, unatengeneza bodi, usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko vya chupa, kisha unaliendesha barabara nzima ukiwa umesimama wima. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Zambia kwa miongo mingi, alitilia maanani jambo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979 aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ileile ya kunakili maumbo, lakini kwa vifaa tofauti. Kwa kalamu na karatasi watoto wa Manchester waliwashinda wenzao. Kwa waya watoto wa Lusaka wakashinda. Kwa udongo wa kufinyanga wakawa sawa.

Fikiria kama angeishia kwenye karatasi. Ripoti ingesema watoto wa Zambia wana upungufu katika kutambua maumbo, na pengine mtu angeandika kitabu kueleza upungufu huo unatokana na nini. Upungufu wenyewe haukuwapo. Kilichopimwa kilikuwa mazoea ya mkono na kalamu.

Serpell hakuishia hapo. Aliwauliza watu wazima wa vijiji vya Wachewa, mashariki mwa Zambia, kwamba kikitokea kitu cha kufanya, wangemchagua mtoto yupi, na kwa nini. Majibu yao yalizunguka neno nzelu, ambalo hutafsiriwa kuwa akili lakini limebeba pia kuaminika, kushirikiana na kuwajibika. Sisi tunamwelewa mtoto huyu bila mkalimani: ni yule unayemtuma dukani akarudi na kitu sahihi na chenji kamili, na akikuta duka limefungwa anaenda la pili bila kuambiwa. Watoto waliochaguliwa na wazee hawakuwa lazima wale waliopata alama za juu kwenye majaribio ya akili. Nasi huwa tunasema fulani amesoma sana lakini hana akili. Ule si mzaha; ni nadharia kamili kuhusu akili, ila haijaandikwa.

Pengine umewahi kumsikia mzungumzaji wa hamasa akisimulia jaribio la peremende laini. Mtoto anawekewa moja, anaambiwa akisubiri bila kuila ataongezwa ya pili. Walter Mischel alilianzisha kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960 mwishoni, na tangu hapo hadithi imezunguka kwamba anayesubiri ndiye atakayefanikiwa maishani. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio hilo kwa watoto wa umri wa miaka minne, wa familia za tabaka la kati Ujerumani na wa wakulima wa kabila la Nso huko Kamerun. Wanso hawakupewa peremende za kigeni, walipewa andazi la kwao. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Nso walisubiri. Wajerumani hawakufika asilimia 30. Wengi wa watoto wa Nso walikaa tu kwa utulivu, na wapo waliosinzia kabisa.

Ukifuata ile hadithi ya hamasa, ungesema watoto wa Nso wote watakuwa matajiri. Maelezo ya watafiti ni ya karibu zaidi na maisha: mama wa Nso anatarajia mtoto atulie na kumsikiliza mkubwa tangu akiwa mdogo sana, na mama wa Kijerumani anamtaka aseme anachotaka. Kila mmoja anamlea mtoto wake kwa ajili ya ulimwengu anaoujua. Jaribio lilipima malezi hayo, likaitwa kipimo cha nguvu ya nia ya mtu binafsi.

Hapa wapo wanaoruka haraka: basi saikolojia ni elimu ya kizungu, tuachane nayo. Taratibu. Mojawapo ya nadharia zake mashuhuri, ile ya jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mlezi wake, iliota mizizi Uganda. Mary Ainsworth aliishi huko mwaka 1954 na 1955, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akitazama kina mama wa Kiganda na watoto wao majumbani mwao. Aliyoyaona huko ndiyo aliyokwenda kuyaendeleza Baltimore, Marekani, alikotengeneza jaribio la chumbani ambamo mama anatoka kwa dakika chache na kumwacha mtoto. Jaribio liliposafirishwa hadi Sapporo, Japani, watoto wengi walilia kupita kiasi na baadhi wakaandikwa kuwa na mashaka kwa mama zao. Watoto wale walikuwa hawajazoea kabisa kuachwa. Kwa mtoto wa Baltimore zile dakika zilikuwa usumbufu mdogo, kwa wa Sapporo zilikuwa msiba. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba kazi ya kijijini Uganda, ya kukaa na kutazama, haikuwa na tatizo hilo. Tatizo liliingia pale kutazama kulipogeuzwa kuwa chumba na saa ya mkononi.

Sasa tuje kwenye sonona, maana hapa ndipo makosa yanaumiza watu.

Usemi kwamba Mwafrika hapati sonona haukutoka kwa babu zetu. Una mwandishi. J. C. Carothers alikuwa daktari aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliandika kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wa Mwafrika haitumiki ipasavyo, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Sonona, alisema, ni adimu kwa Waafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau: watu waliopigania ardhi yao wakaelezwa kama tatizo la akili.

Turudi kwenye hoja yake ya sonona. Nani alifikishwa Mathari enzi zile? Aliyerusha mawe sokoni, aliyetembea uchi barabarani, aliyemtisha chifu. Mwanamke aliyeacha kula na kuongea, akakaa nyuma ya nyumba akitazama migomba, nani angempeleka Nairobi? Alibaki na ndugu zake. Daktari akahesabu waliomfikia na kutangaza kwamba wasiomfikia hawapo.

Walipotoka watu kwenda vijijini, picha iligeuka. Mwaka 1963 madaktari wa akili Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria na Alexander Leighton walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa Wayoruba: dalili za sonona zilikuwa za kawaida, ingawa hapakuwa na neno moja la Kiyoruba la kuzikusanya. John Orley na John Wing, mwaka 1979, waliandika kuhusu vijiji viwili vya Uganda ambako sonona ilikuwa nyingi kuliko walivyoikuta kwa wanawake wa kusini-mashariki mwa London. Wagonjwa walikuwapo siku zote. Swali ndilo lililokuwa halijafika.

Kwa hiyo mtu anapokuambia "sisi hatuna sonona, ule ni ugonjwa wa wazungu", akidhani anautetea Uafrika, anarudia bila kujua maneno ya daktari wa kikoloni.

Je, tutafsiri tu dodoso la Marekani kwa Kiswahili? Moja ya madodoso yanayotumika sana lina sentensi inayoitaja huzuni kwa jina la rangi ya bluu. Ukiitafsiri neno kwa neno unamwuliza mama wa Mbagala kama wiki hii ameshindwa kujikwamua kutoka kwenye rangi. Watafiti makini hutafsiri kwenda na kurudi: mmoja anapeleka Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ya awali anarudisha Kiingereza, kisha wanalinganisha. Hiyo inasaidia, ila haitoshi, kwa sababu tafsiri inaweza kuwa sahihi na bado ikawa si maneno ya mtu yeyote. Ukimwuliza mtu wa Dar kama ana sonona, wengi watakuuliza ndiyo nini. Atakachokuambia mwenyewe ni kwamba ana mawazo. Kwa Kiswahili cha mtaani "nina mawazo" haina maana ya kuwa na fikra nzuri, ni mzigo. Atasema moyo ni mzito, kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, roho inamwuma. Ukiyasikia kama malalamiko ya mwili tu utampa dawa ya maumivu na kumruhusu aende.

Paul Bolton na wenzake walifanya kinyume chake huko Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, wilaya zilizopigwa vibaya na UKIMWI. Kabla ya kuleta dodoso waliwauliza wanavijiji wenyewe ugonjwa huu umewaletea taabu gani. Watu wakataja hali mbili kwa Kiganda: y'okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Dalili walizozieleza zililingana kwa sehemu kubwa na zile za sonona vitabuni, na nyingine zilikuwa za hapo hapo. Ndipo tiba ikapangwa. Huko Magharibi tiba hiyo ya mazungumzo hutolewa kwa mtu mmoja na mtaalamu mmoja. Hapa ilifanywa kwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kila kikundi kikiongozwa na mtu wa eneo hilo aliyefundishwa kazi. Hata maswali kuhusu wafu yalipindwa, kwa sababu kumsema vibaya marehemu ni mwiko.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata tiba, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Vijiji ambavyo havikupata vilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Nimezisoma namba hizi mara nyingi na bado zinanigusa, kwa sababu hakuna kidonge kilichohusika. Walikuwa watu wamekaa pamoja wakiongea, kama tunavyokaa msibani, ila kwa utaratibu.

Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Msikilizaji wa Kiswahili anasikia "kuwaza sana" ndani yake. Miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake walitengeneza dodoso la maswali 14 kutokana na maneno ya Washona wenyewe, na mwaka 2013 neno hilo likaingizwa katika mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili wa Marekani. Daktari wa akili Dixon Chibanda alienda mbali zaidi. Mwaka 2006, eneo la Mbare mjini Harare, alipokuwa hana wauguzi wala vyumba, alipewa bibi 14. Bibi hao walikaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili na watu wakalikwepa, maana nani anataka kuonekana amekaa hapo? Bibi wakasema jina libadilishwe, liwe benchi la urafiki. Watu wakaja. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililofanyika katika zahanati 24 za Harare, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi na bado wakawa na dalili za sonona walikuwa takriban 14 kwa kila 100, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Hatua ya kwanza ya maongezi hayo inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Si kupima, si kujaza fomu.

Lipo kosa la upande wa pili nalo sitalificha, kwa sababu linafanywa na sisi wenyewe. Ni kulitumia neno utamaduni kama kifuniko. Kijana wa kiume anazama, tunasema kwa mila zetu mwanaume halii. Mgonjwa amefungwa kamba chumbani, tunasema ndivyo tulivyozoea. Utamaduni unaeleza jinsi maumivu yanavyosemwa, hauyafuti. Njaa ni ya binadamu wote, lakini mgeni wa pwani ukimkaribisha chakula atakujibu "nimeshiba" hata kama tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Anayejua adabu ya pale anamkaribisha mara ya pili na ya tatu. Asiyejua anaandika kwamba hana njaa. Na anayesema "kwao ndivyo walivyo, hawali mchana" amemdhulumu zaidi ya wote.

Tena utamaduni si kabila. Mama wa Kariakoo na dada yake aliyebaki Newala wamezaliwa tumbo moja, ila anayelala na redio ya jirani ukutani na anayelala na kelele za nyani shambani hawayasemi mawazo yao kwa namna moja. Watoto wao, wanaojieleza mitandaoni, wana maneno mengine tena. Dodoso lililofaa mwaka 1995 linahitaji kusikilizwa upya.

Jirani yangu yule nilimwuliza kwanza kama anadhani ana sonona. Alicheka. "Sonona ndiyo mdudu gani?" Akaendelea kupepeta.

"Basi mama, mawazo yamekuzidi?"

Akauweka ungo chini.